Nafasi Tupu ya Kitanda cha Nne

Jumatatu, 24 Februari

Dada Suzana, leo naanza. Nitakuandikia kila nitakachokiona na kukisikia nyumbani na kituoni katika masika haya, na sitaruka hata yale yatakayonionyesha vibaya. Ulilalamika kwamba ukimpigia Mama simu anakujibu "tuko salama" hata kabla hujauliza, ukasema unataka mtu mmoja wa nyumba hii akwambie ukweli. Basi mtu huyo ni mimi. Mvua zikikatika nitalikabidhi daftari hili kwa kondakta wa basi la Shinyanga, ulipokee stendi.

Mwalimu Gregory wa Kiswahili anatufundisha tuandike kwanza tulichokiona, kisha kilichosemwa, ndipo mawazo yetu. Nitajitahidi.

Nilichokiona: Mama amerudi kutoka wilayani na sanduku la vishikwambi vitano. Ameliweka mezani kwa uangalifu kama trei ya mayai. Kilichosemwa: kuanzia Machi mosi kituo chetu cha afya kinaacha vitabu. Kila kipimo na kila dawa vitaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na atakayewajibika kwa wodi zote ni muuguzi mfawidhi, yaani yeye. "Wenzangu walinung'unika mkutanoni," alisema akivua viatu vilivyojaa tope. "Mimi sikunung'unika. Mimi nimeona vitabu vikifa."

Mawazo yangu: anasema kweli. Ulikuwa umeshaondoka kwenda chuo cha uuguzi Januari paa la stoo lilipovuja. Rejesta za kliniki ya watoto zililowa zikashikamana, na Mama alikaa siku tatu akizibandua ukurasa kwa ukurasa kwa wembe. Kuna watoto waliochanjwa upya kwa sababu hakuna aliyejua kama walikwisha kuchanjwa. Ndiyo maana anaupenda mfumo huu kuliko hata wale waliouleta.

Jumatano, 26 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri. Umeme hakuna. Vishikwambi bado vimo sandukuni.

Jumamosi, 1 Machi

Fredy, kijana wa mifumo kutoka wilayani, amewafundisha wauguzi leo. Nilipeleka chai, nikabaki mlangoni nikisikiliza.

Fredy anafundisha kwa haraka, kama mtu aliyeacha pikipiki inawaka nje. Aliyemsumbua zaidi ni Bernadina. Bado yuko wodi ya wazazi, Dada, yule yule aliyetupokea mimi na wewe tulipozaliwa, na amebakiza miaka miwili kustaafu.

"Gusa tu, mama," Fredy alimwambia. "Usibonyeze kama unakanda tumbo la mzazi."

"Na chenyewe kikianza kupiga kelele nitakiambia kisukume," Bernadina akajibu, na wauguzi wote wakacheka hadi Mama akafunika mdomo.

Kisha kila mmoja akapewa nywila yake. Fredy alisema kitakachoingia kwa nywila ya mtu ndilo neno la mtu huyo, na hakuna wa kulikana, maana mfumo haudanganyi. Bernadina akanyoosha mkono.

"Na kama sijampima mgonjwa, naandika nini?"

"Unampima, mama. Kwa nini usimpime?"

Wengine walicheka tena. Mimi pia nilicheka. Niliona ni swali la mtu anayetafuta sababu ya kukwepa kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Jaribio la Hisabati, nimepata 71. Mama amerudi akiwa hasemi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejua sababu ya ukimya wake. Kila Jumatatu wilaya inatuma kwenye kundi la simu orodha ya vituo vyote, kila kimoja na asilimia ya kurasa kilizokamilisha. Sisi tuna asilimia arobaini na moja, wa pili kutoka mwisho. Chini ya orodha mfawidhi wa kituo kingine ameandika: "Pole Mama Suzana. Tukutumie mwalimu wa chekechea?" na vikatuni vinavyocheka.

Mama alinisomea kwa sauti kavu. Wodi zingine zimejaza. Inayotuangusha ni ya wazazi, kwa sababu Bernadina anatumia dakika kumi kutafuta herufi moja, na akimaliza mgonjwa wa kwanza wa pili ameshaanza uchungu.

"Nikimwandikia barua ya onyo atastaafu kesho," Mama alisema. "Na nani atazalisha wanawake wa maduarani, huko kwenye mashimo ya dhahabu? Fredy?"

Kisha akaniangalia mikono. Unajua kwamba kila Jumamosi nilikuwa namsaidia Urvi kuchapa barua za wateja dukani kwa baba yake, Mzee Mihir. Nachapa bila kutazama herufi.

"Mbuke," alisema, "ukitoka shule kesho pitia ofisini kwangu."

Jumanne, 11 Machi

Nimeanza. Inafanyika hivi. Bernadina anapozunguka vitandani anakata vipande vya plasta, ile nyeupe ya kubandikia bandeji, anaandika kwa kalamu namba ya kitanda na vipimo, na kuvibandika kwenye aproni yake. Amefanya hivyo miaka yote kabla ya kuhamishia kitabuni. Sasa anavibandua na kuvipanga kwenye kifuniko cha boksi la glovu, na mimi navichapa ofisini kwa Mama kwa kutumia nywila ya Bernadina. Amempa Mama nywila hiyo mwenyewe, na kwa furaha.

"Wabeja, ng'wanone," aliniambia, yaani asante mwanangu. "Umeniokoa na kile kioo."

Mama alifunga mlango akanisimamisha mbele yake. "Unachokisoma humu hakitoki humu. Hata kwa Urvi. Hata kwa Suzana." Niliapa. Kwa hiyo, Dada, jina la mgonjwa sitaliandika hapa isipokuwa nikilazimika.

Nilijisikia mtu mzima. Nilichapa wazazi sita kwa dakika kumi na tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechapa. Mvua ilipiga bati mpaka sikusikia vidole vyangu.

Jumatatu, 17 Machi

Asilimia tisini na tatu! Wa nne kutoka juu. Yule aliyetutania kuhusu chekechea ameandika "Hongereni", na Mganga Mfawidhi, Daktari Kalisti, amemwambia Mama mbele ya watu kwamba sasa anaweza kumruhusu mgonjwa akiwa amekaa ofisini kwake, maana kila kitu anakiona kwenye kioo.

Mama alipika wali. Kisha, tukiosha vyombo, akasema kama anajisemea: "Ni kwa muda tu. Mpaka Bernadina azoee." Sikumuuliza atazoea lini kama hashiki kishikwambi kabisa. Nilitaka kuuliza.

Ijumaa, 21 Machi

Barabara ya Ushirombo imekatika kwa maji. Mwalimu wa Kemia hakufika.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimechelewa kumaliza. Bernadina alikuwa chumba cha kujifungulia na mama wa mapacha tangu saa tisa. Muuguzi mwenzake alikuwa mgonjwa, hivyo alikuwa peke yake. Nilikuta plasta nane kwenye kifuniko. Ya kitanda cha nne ilikuwa na namba na neno "presha", na mbele yake hapakuwa na kitu.

Niliiruka. Kisanduku chake kwenye kioo kikawa chekundu na ukurasa ukakataa kuhifadhi, na wazazi wote nane wako kwenye ukurasa huo huo. Nilisogea kwa Mama. Alikuwa anaongea na wilayani kwa simu, akaninyooshea kidole nisubiri. Nilisubiri. Nilikwenda hadi chumba cha kujifungulia. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani mtu alikuwa analia. Nikarudi, nikatazama kipimo cha kitanda cha nne cha jana, 118 kwa 76, nikakiandika tena. Kisanduku kikawa kijani. Saa ya kwenye kioo ilionyesha kumi na moja na dakika arobaini.

Nilikusudia kumwambia Bernadina akitoka. Alitoka na mapacha wazima, tukaenda wote kuwatazama, nikasahau.

Nadhani si kitu. Mama wa kitanda cha nne alikuwa amekaa anakula ndizi.

Alhamisi, 27 Machi

Leo asubuhi nilipeleka ufunguo wa Mama kabla ya shule, nikakutana na yule wa kitanda cha nne langoni akiwa ameruhusiwa, amembeba mtoto, na mumewe ameshika ndoo na khanga. Walikuwa wanataniana. "Kichwa kinanguruma kama karasha," alisema mwanamke, yaani zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. "Ndiyo dhahabu inasagwa humo," mumewe akajibu. Tulicheka wote watatu.

Jumamosi, 29 Machi

Dada, ningependa kuiruka siku ya leo, lakini niliahidi.

Saa nne asubuhi nilikuwa barazani nakunja shuka na wahudumu. Bajaji iliingia kwa kasi hadi kwenye ngazi. Mwanamume aliruka kabla haijasimama, na nikamtambua: ni yule wa ndoo na khanga. Anaitwa Mwigulu. Ndani ya bajaji mkewe alikuwa anatikisika mwili mzima, meno yameuma ulimi, povu lina damu. Mkewe anaitwa Sikujua. Siwezi kukusimulia bila jina lake.

Sijawahi kumwona Mama hivi. Hakupaza sauti hata mara moja. "Mlazeni ubavu. Bernadina, magnesiamu. Wewe, oksijeni. Mbuke, mchukue mtoto." Nilimchukua mtoto kwa bibi yake. Nilisikia mtu akisoma presha: mia na tisini kwa mia na ishirini. Kifafa cha mimba, walisema, ambacho kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Mwigulu alikuwa anazungukazunguka nguzo. "Tangu juzi anasema kichwa, anasema anaona nyota. Nikasema, lakini daktari kakuruhusu. Si mlimpima? Si mlimpima ninyi?"

"Tulimpima," mhudumu mmoja akamtuliza. "Baba, tulimpima."

Gari la wagonjwa liliondoka naye kwenda Geita, Bernadina akiwa ndani ameshika dripu. Nilibaki na mtoto mikononi. Nikakumbuka kisanduku chekundu.

Sikumwambia mtu.

Jumapili, 30 Machi

Sikujua yu hai. Ameamka, lakini haoni.

Mchana Daktari Kalisti aliwaita Mama na Bernadina mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa koridoni na chupa ya chai. Mlango ulikuwa wazi.

"Nilimruhusu kwa kipimo hiki," daktari alisema. "Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Jumatano saa kumi na moja na dakika arobaini. Jina lako, Bernadina."

"Sikumpima."

"Imeandikwa hapa."

"Nasema sikumpima! Nilikuwa na mapacha. Plasta yake niliiacha wazi makusudi, ili wa zamu inayofuata aone nafasi tupu ampime. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Kwenye kitabu nafasi tupu inapiga kelele, daktari."

Daktari alimpigia Fredy simu akaiweka kwenye spika. Fredy alirudia yale yale: mfumo haudanganyi, nywila ni ya Bernadina.

Hapo Bernadina akageuka akamtazama Mama. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Alikuwa anajua nani anachapa plasta zake, na angeweza kusema. Alikuwa anamsubiri Mama aseme yeye.

Mama aliinamisha macho.

Bernadina akachukua kofia yake mezani. "Haya," alisema. "Andikeni mnavyotaka."

Nimemcheka mwanamke huyu kwa mwezi mzima, Dada. Na huyo mwingine, aliyeinamisha macho, ni Mama yetu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Hozefa, jirani yetu wa duka la vipuri, ametuletea sahani ya biriani kama kila mwaka. Mama hakuigusa. Bernadina ameambiwa akae nyumbani hadi Alhamisi, kamati ya wilaya itakapokuja.

Jumanne, 1 Aprili

Nimesema.

Mvua ilianza saa nane. Mama alikuwa ameketi jikoni, mchele kwenye ungo na mikono ameiacha juu yake bila kuchambua. Nilisimama mbele yake kama siku ile nilipoapa.

"Mama, ile namba niliiandika mimi."

"Najua ulichapa wewe. Nani mwingine?" Hakuinua kichwa. "Bernadina aliandika vibaya kwenye plasta, sasa anaogopa. Inatokea."

"Hakuandika kitu. Plasta ilikuwa tupu. Nilichukua kipimo cha jana yake."

Nilisikia maji yakijaza ndoo iliyowekwa chini ya bati linalovuja. Halafu akauliza kwa sauti ya kazini, ile isiyo na hasira wala huruma:

"Kwa nini?"

"Kilikataa kuhifadhi. Kilikuwa chekundu."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuja. Ulikuwa kwenye simu. Ulikuwa unawaambia tumefika asilimia tisini na nane."

Sikusema hivyo ili kumuumiza. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini alishika ungo kama mtu aliyesukumwa, na mchele ukamwagika. Tulipiga magoti wote wawili tukaokota, punje kwa punje. Tulipokuwa chini hivyo, akaanza kusema.

Alisema alipokuwa mwanafunzi kama wewe, walifundishwa kwamba uongozi wa muuguzi ni kujua nani hajapimwa. Si nani amepimwa. "Asubuhi unaingia wodini, unatafuta mapengo. Pengo ndilo linalokupeleka kitandani. Na mimi mwezi mzima nimewaamrisha watu wayazibe. Niliona aibu ya ile orodha, Mbuke. Nikakuweka wewe mahali pangu."

"Utamwambia daktari?"

"Niache nifikiri."

Nimekaa chumbani nikiandika haya. Sijui kama nimefanya vizuri au nimeivunja nyumba.

Jumatano, 2 Aprili

Mama ameandika maelezo yake kwa kamati, kurasa mbili, kwa mkono. Ameyaacha mezani, nadhani ili niyasome. Anasema Bernadina hana kosa. Anasema yeye, muuguzi mfawidhi, alitumia nywila ya Bernadina kinyume cha utaratibu. Halafu: "Kipimo cha kitanda cha nne nilikijaza mimi."

Nilimpelekea karatasi kisimani.

"Hii si kweli."

"Nusu yake ni kweli."

"Mama, watakufukuza. Watasema muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini ametunga kipimo kwa makusudi. Leseni yako—"

"Na ukitajwa wewe? Watauliza mwanafunzi wa kidato cha tatu alifikaje kwenye siri za wagonjwa. Hilo nalo litaniangusha, na wewe juu yangu. Afadhali nianguke peke yangu." Akakunja khanga akajitwisha ndoo. "Usije kesho. Nenda shule."

Nimewaza hadi kichwa kinauma. Akisema alijaza yeye, hakuna atakayeuliza kuhusu kisanduku chekundu. Kila mtu ataamini ni uovu wa mtu mmoja, na kisanduku kitabaki vile vile katika vituo vyote vya orodha ile, na katika kila kituo kuna mtu kama mimi aliyeambiwa asubiri. Lakini nikisema mimi, namvua Mama cheo kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda shule. Nilivaa sare hata hivyo, kwa sababu sina nguo nyingine ya heshima.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano. Aliyeongoza ni Muuguzi Mkuu wa Wilaya, mama mfupi mwenye miwani, anayesikiliza akiwa amefumba macho. Walikuwapo pia Daktari Kalisti, Fredy na kompyuta yake, na Bernadina aliyevaa gauni la kanisani. Mama alikuwa amesimama anasoma maelezo yake. Alipofika kwenye neno "nilikijaza", nilisukuma mlango.

"Shikamooni. Si yeye. Ni mimi."

"Mbuke, toka nje," Mama alisema.

"Mwache," Muuguzi Mkuu akasema, akafumbua macho. "Wewe ni nani?"

Nilijitambulisha. Nilieleza kwa mpangilio wa Mwalimu Gregory, nilichokiona kwanza. Nilipofika kwenye mlango uliofungwa ilinibidi nirudie sentensi mara mbili. Hakuna aliyenisaidia. Nilimaliza peke yangu.

"Nani alikuambia utumie kipimo cha jana?"

"Hakuna. Nilitaka kiwe kijani."

Fredy akatikisa kichwa. "Hapa tatizo ni la watu, siyo la mfumo."

"Fungua ukurasa huo," Muuguzi Mkuu akamwambia. "Jaza vitanda vyote, cha nne acha wazi."

Alifungua. Alijaza. Aliacha wazi. Kioo kikawa chekundu. Akabonyeza mara ya pili, kikakataa.

"Sasa wewe ungefanyaje?"

"Ninge... mpima mgonjwa."

"Wewe si muuguzi. Muuguzi yuko na mapacha. Ungefanyaje?"

Fredy alikitazama kile kioo chekundu. Kisha, nampa haki yake, alisema kwa sauti ndogo: "Hakuna sehemu ya kuandika kwamba hajapimwa. Walitaka takwimu zisiwe na mapengo."

"Mimi nilikuuliza swali hilo Machi mosi, mwanangu," Bernadina akasema. "Watu wakacheka."

Muuguzi Mkuu akamgeukia Mama. Hapo, Dada, sikupenda kutazama lakini nilitazama. Alimwambia kwamba kumficha muuguzi asiyejua ni kumwacha peke yake, na kwamba kiongozi ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kupeleka swali la Bernadina wilayani badala ya kupeleka asilimia. Mama alijibu, "Ni kweli." Safari hii hakuinamisha macho.

Ijumaa, 4 Aprili

Uamuzi umekuja. Bernadina amerudishwa kazini, na anakaimu nafasi ya mfawidhi. Mama amevuliwa cheo na kupangiwa wodi ya wazazi chini yake, huku suala la leseni likisubiri huko juu. Mimi nimekatazwa kukanyaga ofisi ile. Shuleni nimepewa onyo la utoro.

Amri ya kwanza ya Bernadina: kila mtu atumie nywila yake, hata akichapa kwa kidole kimoja mpaka kesho asubuhi, na asiyepimwa aandikwe kwa chaki kwenye ubao mlangoni mpaka Fredy atakapoleta marekebisho. Amri ya pili: Mama amfundishe kuchapa, kila siku baada ya zamu. Mama anasema leo Bernadina amejifunza herufi saba, na ametukana nne kati ya hizo.

Amecheka aliposimulia. Kisha akaenda chumbani, na sikusikia akicheka tena.

Jumapili, 6 Aprili

Tulikwenda Geita, mimi na Mama, kumwona Sikujua.

Mwigulu alikuwa mlangoni mwa wodi. Hakuitikia salamu ya Mama. "Mmekuja kuangalia kama namba imebadilika?" alisema. Mama akajibu kwamba tumekuja kusema kilichotokea, na kama hataki tutarudi. Alitutazama, kisha akasogea pembeni kidogo tu, tukapita kwa ubavu.

Sikujua alikuwa ameketi, mtoto mapajani. Macho yake ni mazima kabisa, Dada, meupe na meusi kama ya mtu yeyote, ila yalikuwa yanatazama sehemu iliyo kando ya uso wangu. Nilimwambia mwenyewe. Mama alitaka kuanza, nikamshika mkono. Nilisema: presha yako ya Jumatano haikupimwa, niliyeandika kwamba ni nzuri ni mimi.

"Kwa hiyo ni wewe uliyesema mimi mzima."

"Ndiyo, dada."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilifikiri atatufukuza. Badala yake akamgeuza mtoto kunielekea.

"Kila anayekuja ananiambia mtoto mzuri, mtoto mzuri. Sitaki hayo. Wewe niambie unachokiona. Na usiongeze kitu."

Nilimwambia. Nywele chache, nyingi upande wa kushoto. Sikio moja limejikunja. Ngozi ya kidevu inabambuka. Ngumi ya kulia imefungwa, ya kushoto imeshika ukingo wa khanga yako. Akauliza macho yake ni ya rangi gani sasa. Nikasema amelala, sijayaona. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitaka. "Endelea," alisema.

Daktari wa pale ametuambia wengi huanza kuona tena ndani ya siku chache. Leo ni siku ya nane. Nilimwuliza Mama njiani, akasema anatumaini. Sitaki tumaini lake peke yake. Mvua hazijakatika lakini daftari hili nalipeleka stendi kesho alfajiri, na basi hilo hilo linarudi Jumanne, kwa hiyo nijibu kwa mkono wa kondakta. Wewe umekaa mwezi mzima wodi ya wazazi huko, na umewaona wenye kifafa cha mimba kwa macho yako. Usinipe la kwenye kitabu, wala usinitulize. Kati ya wale uliowaona wakiamka bila kuona, yupo aliyechelewa hadi siku ya nane na bado akamwona mtoto wake?